Ulipima bati, mwenzio kapima chumba: umbali wa mlalo na heka za mjomba

Mjomba wangu ana shamba upande wa Muheza, kule unakoanza kupanda kuelekea Amani, ana karafuu mle, mdalasini, pilipili manga kidogo na migomba ya kuzibia mapengo. Alilinunua kwa futi kamba, sio kwa kutembea hatua, maana ni mtu wa kujihadhari, kijana mmoja akashika ncha ya chini yeye akashika ya juu wakaivuta juu ya majani toka bondeni mpaka kileleni, wakahamisha, wakavuta tena, jumla ikaja mita 128. Upana ikaja 64. Zidisha hapo unapata mita za mraba 8,192 ambazo ni heka mbili na chenji kidogo. Akalipa, wakaandikishiana, kila mtu akashika njia yake.

Miaka ikapita, mzee akataka karatasi za uhakika, akaja mpima na mashine yake ya miguu mitatu, akasimamisha, akachungulia, akabonyeza bonyeza, jioni akasema shamba ni heka 1.83. Loo! Limeliwa? Mti wa mpaka uko palepale, jiwe la mpaka liko palepale, majirani wote hawajasogea hata shubiri, afu zimepotea mita za mraba 768, yaani karibu viwanja viwili vya ishirini kwa ishirini. Mjomba akasema huyu kijana ama katumwa ama mashine mbovu. Mpima wala hakubishana, akamwambia, "Mzee wangu, hamna aliyekula. Wewe ulipima bati, mi nimepima chumba."

Mi nilikuwepo na sikuelewa kitu siku hiyo, nimekuja kuelewa baadae kwa kushika ncha ya futi kamba za watu wengine, na ndo nataka nikuelezee hapa maana ugomvi wa aina hii kwetu huku Tanga naona kila mwaka, na nusu yake hamna mwizi, kuna watu wawili tu waliopima vitu viwili tofauti wakaviita jina moja.

Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mgongo wa tembo. Toka ukuta wa nje mpaka chini ya kilele cha paa ni mita 3, na paa linapanda mita 1.5. Bati la kufunika hapo halitakuwa la mita 3, litakuwa mita 3.35 kwa sababu limelala kwa mshazari. Ila hamna mpangaji Ngamiani nzima atakayekubali kuambiwa chumba chake ni kikubwa zaidi kwa vile bati ni refu, kitanda kinakaa chini, hakikai juu ya bati. Shamba la mlimani ni hivohivo. Ardhi unayoikanyaga ni bati, na ile sakafu bapa ya kufikirika iliyo chini yake ndo chumba, na ramani zote, hati zote, heka zote zinazoandikwa ofisini zinahesabu chumba. Huo ndo unaitwa umbali wa mlalo. Ule wa kamba iliyolala juu ya majani ni umbali wa mteremko, na siku zote ni mrefu kuliko wa mlalo, haijawahi kutokea ukawa mfupi.

Kama bati halijakuingia jaribu jua. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hapa Tanga jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Siku hiyo vuta kamba kwa mshazari toka juu ya mnazi mpaka chini uwanjani, afu angalia kivuli chake kwenye sakafu. Kile kivuli ndo umbali wa mlalo, kamba yenyewe ndo mteremko.

Sasa mjomba aliuliza swali ambalo kwa kweli ni zuri, akasema jembe langu linalima juu ya udongo, halilimi juu ya kivuli, kwa nini nisihesabiwe udongo? Na hapo ana haki yake kidogo, jasho la kupalilia mteremko halijui mlalo wala nini. Ila fikiria ungehesabu udongo wenyewe ungeishia wapi. Katikati ya shamba kuna kichuguu, kamba ipande juu ya kichuguu ishuke upande wa pili? Na korongo je, tuingie mpaka chini tutoke? Siafu akipita hapo anatembea umbali mwingine kabisa kuliko wewe. Mlalo hauna ubishi wa hivo, kichuguu kikivunjwa au mvua ikimomonyoa bonde umbali wa mlalo kati ya bikoni mbili, yale mawe ya mpaka, unabaki uleule. Afu kuna jambo la majirani, viwanja vyote vya kilima kimoja lazima vikae kwenye karatasi moja bapa vikagusana bila kupandana, sasa kila mtu akija na kipimo cha bati lake vipande havitaingia. Na mikarafuu yenyewe inaota wima kwenda juu, haioti kwa pembe ya mlima, kivuli na mvua inazozipata ni za sakafu ile bapa.

Tanga mjini jambo hili halisumbui sana kwa sababu ardhi ni bapa. Ukipima kiwanja pale Makorora au barabara yoyote ile yenye namba kule Ngamiani, bati na chumba ni kitu kimoja. Mteremko wa digrii 5, ambao ukitembea unauhisi kidogo tu, kwenye mita 100 unakudanganya sentimita 38. Digrii 10, mita moja na nusu. Digrii 20, mita 6. Digrii 30 ni mita 13 na zaidi, na Usambara kote kuna mashamba ya digrii 30 watu wanalima mihogo humo bila wasiwasi. La mjomba lilikuwa kama digrii 25 kwa wastani, kwaiyo zile mita 128 za kamba kwa mlalo zilikuwa 116 tu. Zidisha kwa 64, hesabu ya mpima hiyo hapo. Upana haukubadilika kwa sababu waliupima wakizunguka kilima usawa mmoja, hawakupanda wala kushuka.

Kabla ya mteremko lakini kuna tope jingine, nalo ni hii "sabini kwa sabini". Kila mtu anajua heka ni sabini kwa sabini, muulize sabini ya nini, hapo ndo macho yanaanza kuzunguka. Mwingine atasema mita, mwingine hatua, na wote wanaapa. Piga hesabu: heka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Mita 70 kwa 70 ni 4,900, ambayo ni heka moja na moja ya tano ya ziada, kwaiyo ukiuza kwa mita 70 unagawa bure. Hatua 70 za mtu mzima anayetembea kawaida, tuseme sentimita 75 kila hatua, ni mita 52 na nusu, na hapo unapata mita za mraba 2,756, haifiki hata robo tatu ya heka. Sabini inayokaa sawa ni ya yadi. Heka ni yadi za mraba 4,840 na sabini kwa sabini ni 4,900, imekaribia sana kwa hesabu ya kichwani. Yadi moja ni sentimita 91, hiyo ni hatua ya kujivuta, hatua ya mtu anayeruka madimbwi, na mtu mfupi haifikii hata ajitahidi vipi. Ndo maana nasikia utani kwamba muuzaji anakuja na mpwa wake mfupi wa kutembea na mnunuzi anakuja na mcheza basketi. Utani, ila nimeshaona kitu kinachofanana sana na hicho.

Heka yenyewe ina asili ya Uingereza. Mwaka 1620 huko kulikuwa na bwana Edmund Gunter aliyetengeneza mnyororo wa kupimia wa futi 66 wenye vipingili 100, na mnyororo mmoja kwa kumi ndo heka, kwaiyo kwao hesabu ilikuwa rahisi, kwetu tulioletewa heka bila mnyororo ndo tukabaki na sabini. Wajerumani waliokuwa hapa kabla yao walitumia hekta, na hekta ni heka 2.47, ukisikia mzee anasema "hekta" muulize mara mbili anamaanisha ipi.

Kwaiyo hatua hazifai? Zinafaa sana, kama unazijua. Tafuta barabara iliyonyooka, pima mita 50 kwa futi kamba, tembea kawaida, usijivute, hesabu. Rudia mara nne. Mi nilipata 66, 67, 65, 66, wastani 66, gawanya 50 kwa 66 hatua yangu ni sentimita 76 kasoro kidogo. Toka siku hiyo nikitembea uwanja wowote wa tambarare najua nilipo kwa kukosea mita moja au mbili katika mia, na kwa kukagua kama mtu anakudanganya kiwanja hiyo inatosha kabisa. Ila kupanda mlima hatua inafupika, kwenye matope inafupika, kwenye mahindi yaliyokaribiana inafupika, na ukiwa unaongea na simu hesabu inapotea.

Na sie watu wa baiskeli tuna kifaa kingine bure. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.2, lakini usichukue namba yangu, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma mizunguko kumi kwa mstari ulionyooka, pima, gawanya kwa kumi, maana upepo wa tairi nao unabadilisha. Funga kitambaa kwenye spoku, sukuma, kila kikipita juu hesabu moja. Kwa umbali mrefu wa njia ya shamba ni bora kuliko hatua. Mlimani tu ndo gurudumu nalo linapima bati kama kawaida.

Kamba ya katani ndo nakuomba uiache. Najua mkoa wetu ndo wa mkonge, tangu 1893 mmea ulipoletwa Pangani mpaka leo, na kila nyumba ina kamba. Lakini katani ikilowa inajifupisha, ikivutwa ikiwa kavu inarefuka, na watu wanaipima asubuhi kavu "hii mita 20" afu wanaingia nayo shambani kwenye umande. Kamba iliyojifupisha inakupa hesabu kubwa kuliko ukweli, muuzaji anafurahi bila hata kujua kwa nini.

Tuje kwenye futi kamba yenyewe, hapa ndo pana mambo. Zile ndefu za mita 30 au 50 ziko za aina mbili, za plastiki yenye nyuzi ndani na za chuma. Ya plastiki ni nyepesi, haina kutu, haikatiki ovyo, lakini inavutika, na ikizeeka inabaki imevutika. Chukua yako leo uilinganishe na ya chuma ambayo unaiamini, ukikuta inayosema mita 30 kumbe kwa kweli ni 30.05 usiitupe, andika hiyo namba kwenye kava lake, kila ukipima zidisha kwa 30.05 gawanya kwa 30. Iliyosoma 120 kwa kweli ni 120.20. Watu wengi wanazidisha kinyume hapa kwa hiyo nakupa njia ya kukumbuka: kamba iliyorefuka inajaza ardhi nyingi ndani ya mita chache, kwaiyo namba yako ni ndogo kuliko ukweli, lazima iongezeke.

Ya chuma haivutiki hivo ila inasikia joto. Zinatengenezwa zisome sawa kwenye nyuzijoto 20, na wewe uko Pongwe saa nane mchana, chuma kimelala juani kimefika 45 bila shida. Mita 30 zimerefuka kama milimita 9. Kwa kiwanja cha nyumba usijisumbue. Kwa mpaka wa mita 300 ni sentimita 9, na ukuta wa jirani unaweza kuota hapohapo.

Halafu sifuri iko wapi? Usicheke, hili ndo kosa namba moja nililoliona. Kuna futi kamba ambazo sifuri inaanzia kwenye ncha ya pete ya chuma, kuna ambazo inaanzia mbele kidogo ya pete kwenye kamba yenyewe kuna mstari, na kuna zile zilizokatika zikaungwa na mwenyewe kasahau. Niliwahi kupewa moja sehemu ya kazi, imekatika mwanzo, jamaa wakaniambia "anzia kumi", yaani shika kwenye sentimita ya 10 afu mwisho utoe. Tumepima nyumba nzima vizuri, ila upande mmoja msomaji alitoa na upande mwingine hakutoa, mraba ukagoma kufunga tukapoteza asubuhi nzima tukidhani ni pembe. Ikunjue yote kabla ya kuanza, angalia mwanzo wake, angalia na mwisho.

Kosa la pili ni kuhesabu. Umbali wa mita 190 kwa kamba ya 30 ni mivuto sita na mabaki, na kuna mtu anapita anasalimia, "shikamoo, habari za kazi", unajibu, mvuto mmoja umepotea, mita 30 zimekwenda hivo. Wapima wa zamani walitumia vijiti vya chuma, anayetangulia anachomeka kimoja kila mwisho wa mvuto na anayefuata anaving'oa, mwisho unahesabu vijiti vilivyo mkononi mwa wa nyuma. Hiyo ni akili kubwa kuliko inavyoonekana. Spoku za baiskeli zilizokatika zinafanya kazi hiyo vizuri, funga kitambaa chekundu zisipotee kwenye majani.

Watu wanajisumbua sana kunyoosha mstari, wanachomeka miti, wanachungulia jicho moja, na ni vizuri, ila ngoja nikuonyeshe kitu. Ukikosea mstari sentimita 30 kwa pembeni kwenye mvuto wa mita 30, umbali unaongezeka milimita moja na nusu tu. Ncha moja ikiwa juu ya nyingine kwa mita moja, umbali unaongezeka sentimita 1.7. Ikipishana mita 3, ni sentimita 15. Kanuni yenyewe unaiweza kichwani: chukua tofauti ya urefu wa kwenda juu, ijizidishe yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa kamba. Kwaiyo kukosea kidogo hakuumi, kukosea kwingi kunauma kwa kujizidisha, na ndo maana mstari uliopinda kidogo hausumbui na mlima unasumbua.

Kulegea kwa kamba hivohivo. Ikiwa hewani mita 30 na tumbo lake katikati limeshuka sentimita 30 umeongeza milimita 8, tumbo likishuka nusu mita umeongeza zaidi ya sentimita 2. Vuta kama unavyonyanyua mfuko wa kilo tano, usivute kama unang'oa muhogo.

Ona sasa jambo moja ambalo mi lilinichukua muda kuliona. Mteremko unaongeza namba. Tumbo la kamba linaongeza. Mstari uliopinda unaongeza. Katani iliyolowa inaongeza. Karibu makosa yote ya uzembe yanakwenda upande mmoja, hayapishani yakafutana, na upande wenyewe ni wa muuzaji. Mtu hahitaji kuwa mwizi kukuuzia pungufu, inatosha awe mvivu.

Basi mlimani unapimaje? Njia ya kwanza ni ya ngazi. Anzia juu ushuke, ni rahisi zaidi. Wa juu anashika sifuri chini kwenye kigingi, wa chini anainua kamba mpaka ilale usawa, anateremsha timazi, yaani uzi wenye kitu kizito nchani, kwenye mita kamili, tuseme ya 3, inapogusa ardhi anachomeka spoku, afu mnashuka hapo mnaanza upya. Kamba imelala usawa utajuaje? Watu wanatumia pima maji, au ule mpira mwembamba wa fundi unaojazwa maji, lakini kuna ujanja ambao hauna gharama. Mwingine aning'inize timazi palepale kwa uzi mrefu, wewe inua na kushusha kamba taratibu ukiangalia inasoma ngapi inapokatiza uzi. Namba itapungua, itapungua, afu itaanza kuongezeka. Ile ndogo kuliko zote ndo mlalo. Mi nilipoonyeshwa hivi nilijisikia mjinga na nikafurahi kwa wakati mmoja.

Tatizo la ngazi ni uvumilivu. Kwenye digrii 25, ukitaka kamba isipite kifuani, mita moja na nusu, kila ngazi inakupa mita tatu tu. Shamba la mjomba lilihitaji ngazi 39. Thelathini na tisa, kuinama, timazi, upepo, mbu wa migombani. Ndo maana watu wanalaza kamba kwenye majani.

Njia ya pili ni kulaza kamba kwenye majani kwa makusudi na kupima pembe pia. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo. Weka alama kwenye mti kimo cha macho yako, mwenzio aende nao juu, lenga ile alama, soma digrii, afu zidisha umbali kwa kosaini ya ile pembe, ile ya sekondari ambayo tulisema hatutaitumia maishani. Digrii 25 ni 0.906. Lakini jihadhari, kwenye mteremko mkali kukosea digrii moja tu kwenye mita 128 ni kama sentimita 94, wakati kwenye digrii 5 kosa hilohilo ni sentimita 19. Na mlima hauna pembe moja, una sehemu kali na sehemu ya kupumzikia, kwaiyo kata vipande, kila mteremko unapobadilika weka kigingi, hesabu chake peke yake, jumlisha mwisho. Wastani wa macho usiuamini, mlima kwa anayepanda amechoka ni digrii 45 siku zote.

Kuna pale ambapo kamba haipiti kabisa, mathalan mpaka unavuka Mto Sigi na we hutaki kuingia majini. Chagua mti ng'ambo. Upande wako chomeka kigingi kilichoelekeana na mti huo. Kutoka kwenye kigingi fuata ukingo kwa pembe ya mraba, mafundi wote wanaijua ile ya 3, 4 na 5, nenda mita 20 uchomeke cha pili, endelea mita 10 mbele uchomeke cha tatu. Sasa kutoka cha tatu geuka uupe mto mgongo kwa pembe ya mraba, tembea ukichungulia nyuma mpaka uone kigingi cha pili na mti wa ng'ambo vimesimama mstari mmoja. Simama hapo. Pima toka hapo mpaka kigingi cha tatu, zidisha kwa mbili, huo ndo upana toka kigingi cha kwanza mpaka mti. Hujalowa.

Mashine ya mpima inafanya yote haya kwa sekunde chache. Inarusha mwanga usioonekana mpaka kwenye kioo kilichoshikwa juu ya fimbo, mwanga unarudi, inajua umbali, na kwa kuwa inajua pia imeinamishwa pembe gani inapiga kosaini yenyewe. Kwenye skrini ya mashine utaona herufi SD, hiyo ni bati, na HD, hiyo ni chumba. Ukiwa mwenye shamba simama karibu uone anaandika ipi. GPS ya simu yenyewe inatoa mlalo moja kwa moja kwa sababu inafanya kazi kwa alama za ramani, ila inakosea mita kadhaa kila kona, kwa shamba la heka ishirini ni sawa kupata picha, kwa kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mchezo wa kubahatisha. Na kwa hati yoyote hizi zetu za spoku na timazi hazihesabiki, hiyo ni kazi ya mpima aliyesajiliwa, zetu ni za kumkagua na za kujua unanunua nini kabla hujatoa hela.

Ukitaka kujua kama umepima vizuri, pima kwenda na kurudi. Kwenda 84.32, kurudi 84.36, tofauti sentimita 4, ni kama moja kwa elfu mbili, kwa kamba ya shambani hongera. Ikija tofauti ya mita moja usichukue wastani, kuna kitu kimevunjika, rudia. Na kumbuka kwenda na kurudi hakukuonyeshi kosa la mteremko, mjomba angepima mara mia angepata 128 mara mia.

Mjomba amekuja kuelewa, tena kaelewa vizuri kupita kiasi. Juzijuzi alikata kipande cha chini akiuze, siku ya kupima akaja na ileile futi kamba yake, akamwita kijana, akasema shika ncha hiyo laza juu ya majani twende. Mnunuzi, fundi mmoja wa mabati wa mjini, akamsalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," afu akatoa timazi mfukoni.